Mkaguzi Hasemi Tafadhali

Chumbani kwangu, 2 Machi

Baba, shikamoo.

Simu tuiache. Juzi nimekutajia nukta mkato mara kumi na moja, na mwisho ukaniambia kwa fahari kwamba umeziandika zote: neno “nukta”, nafasi, neno “mkato”. Nilicheka mpaka wenzangu ofisini wakadhani nimepata msiba.

Kwa hiyo nakutumia programu kwenye karatasi. Ni mistari mia moja themanini na minane. Ichape kama ilivyo kwenye kompyuta ya Mama, kisha andika ile amri niliyoipigia mstari mwekundu. Hapo kompaila ataanza kazi. Yeye ndiye anayesoma maandishi yangu na kuyageuza yawe kitu ambacho mashine inaweza kukitenda. Akikataa, atataja mstari na kosa. Nakili kosa herufi kwa herufi, hata kama hulielewi, unitumie.

Unajua kwa nini nakusumbua. Miaka ishirini na miwili ya mvua aliyoipima Mama imo mle ndani, imefungwa na programu ya kituo chake cha kupimia mvua, ambayo imeshakufa. Fundi alisema diski ile ikichomolewa haitawaka tena, basi programu ya kuifungua lazima ijengwe humo humo. Huku tunachora ramani ya mvua ya miaka hamsini, na pale kwetu pana doa jeupe lililoandikwa “hakuna vipimo”. Nikipita kwenye ile ramani ukutani naangalia pembeni. Mwisho wa kupokea vipimo ni tarehe 31 Julai. Vikifika, doa litajaa na jina la Mama litaandikwa chini yake. Likizo yangu ni Desemba, siwezi kuja kabla.

Vidole vyako viwili vinatosha.

Mwanao


Nyumbani, 13 Machi

Kiherehere wangu, marahaba.

Mzigo umefika. Nimechapa siku nne, kuanzia asubuhi mpaka jua linapoingia dirishani na kunipiga usoni. Nakalia stuli. Kiti cha mama yako nimekiacha na mto wake, maana nikikikalia naona kama atatokea mlangoni aniulize nani kaubonyeza.

Sasa sikiliza aibu. Nimebonyeza amri yako nyekundu, makosa yakamiminika sitini na matatu! Mimi niliacha shule darasa la nne, na mwalimu pamoja na chuki yake yote hakuwahi kunipa makosa sitini na matatu kwa siku moja. Huyo kompaila wako nimempa jina la Mkaguzi, kwa sababu tabia zake ndizo hizo: kazi hafanyi, anasoma za wenzake na kununa.

Kwanza analalamikia mstari wa 31. Nimeusoma kwa kidole, neno kwa neno, uko sawa na karatasi yako. Kumbe mkosaji ni wa 30, nilisahau nukta mkato. Wa 31 kachapwa bakora za jirani! Hilo nimelitengeneza mwenyewe, usiseme baba yako hana faida. Makosa yakashuka kutoka sitini na matatu hadi arobaini na manane, sijui hayo mengine yalikuwa wajukuu zake. Yaliyobaki nimeyanakili nyuma ya karatasi hii. Lugha yake siielewi, lakini kila herufi nimeichora kama mtoto anayechora nyumba.

Dada wa posta ameniuliza bahasha nene namna hii inakwenda kwa nani. Nimemwambia kwa mchumba. Amenipa hongera.

Baba yako mwenye vidole viwili


Chumbani kwangu, 22 Machi

Shikamoo Baba, na umwambie dada wa posta ukweli kabla hajaanza kuulizia harusi.

Umefanya vizuri. Kosa moja huzaa mengine, kwa hiyo usiogope idadi. Tengeneza la juu kabisa, jenga upya, uone nani kabaki. Hayo arobaini na manane lakini si yako, ni yangu. Mkaguzi wako ni wa zamani, na mimi nimemwandikia kwa mtindo wa leo. Kuna mambo mawili hayajui. Moja ni maelezo niliyoyaanza kwa mikwaju miwili. Kila ukiyakuta, anza kwa mkwaju na kinyota, funga kwa kinyota na mkwaju. La pili, mimi nakitaja kitu pale ninapokihitaji, katikati ya kazi. Yeye anataka kila kitakachotumika kitajwe juu, mara tu mabano yanapofunguliwa, kabla kazi haijaanza. Nimekuchorea mishale ya kila kinachopaswa kupanda juu.

Kula vizuri. Na stuli ile ina mguu mbovu, angalia.

Mwanao


Nyumbani, 4 Aprili

Kiherehere, marahaba.

Huyu Mkaguzi nimeanza kumpenda. Anataka wageni wajitambulishe mlangoni, ndipo waingie. Nyie wa siku hizi mnaingia, mnakula, mnaondoka, halafu ndio mtu anauliza, “Hivi yule alikuwa nani?” Watu wanasema mashine hii ni jinga. Si jinga, ni mzee. Tofauti hiyo nimechoka kuwaeleza watu, hata kwa faida yangu mwenyewe.

Nimepandisha vyote juu kwa mishale yako. Yale mabano yenye kiuno yalinisumbua, nilifungua moja nikasahau kulifunga, akanung'unika mpaka mwisho wa ukurasa. Limebaki kosa moja tu. Anasema hamjui mtu anayeitwa sqrt. Hata mimi simjui. Ni nani huyo, na anatafuta nini kwenye mvua ya mke wangu?

Baba yako


Chumbani kwangu, 13 Aprili

Baba, shikamoo.

Huyo ni kipeo cha pili, anatusaidia kujua mvua za mwaka zimetofautiana kiasi gani. Yuko kwenye stoo ya hesabu, na Mkaguzi haendi stoo asipotumwa. Rudia ile amri nyekundu, na mwisho kabisa, baada ya kila kitu, ongeza kistari, kisha l, kisha m. Mwisho, Baba, si mwanzo. Ukiitaja stoo kabla hajajua anachokitafuta, ataipita kama hajaiona.

Hapo itawaka. Nina hakika mpaka nimeshamwambia mkuu wangu.

Mwanao


Nyumbani, 27 Aprili

Mwanangu,

Nimefanya ulivyosema, kistari na wenzake wawili, mwisho kabisa. Amekataa. Sasa anasema mstari wa 97 kuna alama haijafungwa. Nimezikagua alama zote, zimefungwa, nyingine nimezifunga mara mbili kwa usalama, kisha nikazifungua.

Labda unieleze upya tangu mwanzo, taratibu. Na ukieleza, niambie pia dirisha lako linaangalia nini. Nikichapa maneno ya mtu napenda kujua alikuwa anatazama nini alipoyaandika.

Mkuu wako mwambie asubiri. Wakuu kazi yao ni kusubiri.

Baba yako


Chumbani kwangu, 8 Mei

Shikamoo Baba.

Mstari wa 97 hauna alama yoyote ya kufungua. Nimeuangalia siku tatu. Nimetafuta mpaka kompyuta ya zamani kama yako kwenye stoo ya ofisi, nikaijenga programu yote huko, ikapita bila neno. Kwa hiyo kuna kitu kwako sikioni, na sijui ni kipi. Nakutumia ukurasa wa tatu upya, kwa herufi kubwa.

Dirisha langu linaangalia ukuta wa maegesho ya magari. Ukutani mtu amechora mlango kwa chaki nyeupe, na kitasa chake. Asubuhi nikinywa chai nautazama ule mlango.

Kuna kitu nataka kukuuliza, na kwa kuwa barua haikatiki kama simu, safari hii utajibu. Mwaka wa mwisho wa Mama sikuwepo. Kila nikikuuliza ulikuwaje, unaniambia mtandao mbaya. Ulikuwaje?

Mwanao


Nyumbani, 19 Mei

Kiherehere,

Huo mlango wa chaki umenifurahisha. Usiufungue tu, utaingia kwenye gari la mtu.

Ukurasa wa tatu nimeuchapa upya. Mstari wa 97 ametulia, lakini sasa kaja na jipya. Anasema hivi, nimekutafsiria mwenyewe kukupunguzia kazi: “Mstari wa 240, hapa kuna jambo halijaeleweka, tafadhali andika tena na ueleze kwa kirefu.” Unaona alivyo? Basi eleza kwa kirefu.

Hilo lingine ulilouliza, mtandao mbaya.

Baba yako


Chumbani kwangu, 30 Mei

Baba,

Programu ina mistari mia moja themanini na minane. Huo wa 240 umeutoa wapi?

Nimefanya kazi na kompaila miaka kumi na mmoja, za zamani na za jana, na hakuna hata moja iliyowahi kusema tafadhali. Imewaka, sivyo? Tangu lini?

Nilianza kwa kucheka. Kisha nikalia kidogo, kisha nikakasirika, na hapa ninapoandika bado nimekasirika, usije ukaisoma hii kwa sauti ya utani. Kama ni barua unazozitaka, ungesema tu. Ningekuandikia bila kosa lolote. Imebaki miezi miwili lile doa lifungwe likiwa jeupe milele, na wewe unaniundia makosa!

Mwanao


Nyumbani, 9 Juni

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Iliwaka tarehe 25 Aprili, saa nne asubuhi. Mvua za mama yako zikateremka kwenye kioo moja moja, tarehe na milimita, mimi nimekaa kwenye stuli mdomo wazi. Kisha nikazima.

Barua ni nusu ya sababu, sikatai. Tangu lini uliniandikia kurasa mbili zenye madirisha? Nilisema moyoni, binti huyu akishapata anachokitaka, ataniachia mashine na kimya chake. Hiyo ndiyo nusu ninayoweza kuicheka. Nusu ya pili ni jibu la swali lako.

Mwaka wa mwisho mama yako hakutoka kitandani miezi saba. Kila asubuhi saa tatu nilikwenda kituoni, nikafungua kipima mvua, nikamimina kilichomo kwenye ile gilasi yenye mistari, nikamletea. Alikataa nimsomee, alisema macho yangu yana utani. Alikuwa anaishika mwenyewe, anaielekeza dirishani, mimi nimemshika kiwiko. Anasoma, mimi nachapa anachotaja, kila neno, sipunguzi wala siongezi.

Kisha mvua ikakata. Nikawa naleta gilasi kavu. Wiki ya kwanza, wiki ya pili. Unamjua mama yako, mvua ikikata alikuwa ananuna kana kwamba amekosewa yeye. Safari hii hakununa, aligeukia ukuta tu. Akaacha kula. Basi asubuhi moja nilipokuwa narudi na gilasi kavu nikapita jikoni, nikachota maji kwenye ndoo. Akaishika, akaielekeza dirishani, akasoma: kumi na mbili nukta nne. Siku hiyo alimaliza sahani.

Siku chache baadaye nikachota tena. Na tena. Siku nyingine mvua ilinyesha kweli, nyingine ilinyesha ndoo. Ngapi na zipi, sikumbuki. Mtu anayedanganya kila siku haweki kumbukumbu.

Sasa wewe unataka kuziweka hizo chini ya jina lake. Mwanamke yule hakuwahi kuongeza hata nusu milimita, alikuwa anarudi kituoni kwa miguu akihisi amesoma vibaya, halafu mimi nimemtilia maji ya ndoo. Wenye ramani wakijua watafanya nini? Usinifiche.

Baba yako


Chumbani kwangu, 18 Juni

Shikamoo Baba.

Sikufichi, wewe umeshaficha kwa niaba ya familia nzima. Wakijua, watautupa mwaka ule. Na wakishautilia shaka mmoja, wataitilia shaka yote ishirini na miwili, kwa sababu hawamjui Mama kama tunavyomjua sisi. Doa litabaki. Na mimi siwezi kuwapelekea maji ya ndoo nikanyamaza. Hata kama hakuna atakayegundua, nitakuwa najua, na yeye asingenisamehe.

Kwa hiyo sijui la kufanya. Nichapishie huo mwaka wa mwisho tu, mstari mzima wa kila siku, hata namba zinazoonekana hazina maana. Nitazitazama.

Sikujua kwamba alikuwa anasoma mwenyewe. Sikujua kwamba ulikuwa unamshika kiwiko. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi, kisha nikaisoma tena.

Mwanao


Nyumbani, 28 Juni

Kiherehere,

Kurasa saba hizi. Printa imepiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nasaga nini.

Umeuliza namba zisizo na maana. Mwisho wa kila mstari kuna sifuri, lakini pengine utakuta tisa. Usiniulize mimi. Akishasoma gilasi alikuwa anasema “malizia na sifuri,” siku nyingine “malizia na tisa,” nami namalizia. Nilidhani ni mambo ya wataalamu.

Sijachora kosa lolote safari hii. Nangoja.

Baba yako


Chumbani kwangu, 8 Julai

Baba, shikamoo. Kaa chini kwanza.

Kwenye vipimo vya mvua, hiyo namba ya mwisho ni neno la mpimaji mwenyewe kuhusu kipimo chake. Sifuri maana yake, nakiamini. Tisa maana yake, kisitumike.

Nimezihesabu. Tisa ziko thelathini na moja. Ya kwanza iko mwisho wa mstari wa kumi na mbili nukta nne.

Baba, kitanda cha Mama kilikuwa chini ya bati tupu, bila dari. Mvua ya milimita kumi na mbili kwenye lile bati inaamsha mtaa mzima. Alikuwa macho usiku kucha, anasikiliza, na alijua hakikudondoka kitu. Kisha wewe ukaingia na gilasi yako. Akaishika, akaisoma mpaka nukta yake, akakuamuru uchape, akaweka tisa kwa ajili ya yeyote atakayekuja kuzitumia. Halafu akala chakula, akamaliza sahani, kwa kuwa wewe umekwenda mpaka kwenye ndoo.

Hakukuambia. Nadhani alizitaka zile asubuhi kama wewe ulivyozitaka.

Kwa hiyo mwaka ule umesalimika, na yote ishirini na miwili imesalimika nao. Hakuna uongo mle ndani usiokuwa na alama. Baada ya mstari wa 121 ongeza huu mmoja niliouandika chini kwa wino mwekundu: namba ya mwisho ikiwa ni tisa, iruke siku hiyo. Jenga, chapisha yote, posta kabla ya tarehe ishirini.

Mwanao


Nyumbani, 17 Julai

Kiherehere wangu,

Kurasa mia moja na arobaini, zimefungwa kwa kamba. Hakuna ndoo humo.

Mstari wako nilipouchapa mara ya kwanza, Mkaguzi hakusema kitu, akaupitisha. Nikaendesha: tupu. Kioo cheupe. Miaka ishirini na miwili yote imerukwa, hakuna hata tone. Nilishika meza kwa mikono miwili. Kisha nikairudia karatasi yako kwa kidole, herufi kwa herufi. Wewe umeandika alama ya sawasawa mbili, mimi nimeandika moja. Kwa ile moja nilikuwa siiulizi siku kama ni tisa, nilikuwa naiamrisha iwe tisa. Na Mkaguzi anayenuna kwa nukta mkato, hilo yeye aliliona halina ubaya! Nimeongeza ya pili, siku zikarudi zote. Kosa hilo sikukuandikia. Nimelimaliza mwenyewe.

Sasa hilo la bati. Miezi ile nilikuwa natoka mle chumbani kila asubuhi najiona mjanja, natabasamu peke yangu ukumbini kwamba leo nimempata. Kumbe aliyekuwa nyuma ya mgongo wangu ndiye aliyekuwa ananilinda nisijue. Ningempata leo dakika tano tu, nisingemwomba hata msamaha. Ningemwambia, mama, umenishinda, nipe gilasi.

Desemba njoo. Hakuna mashine inayokukataa, hakuna mstari uliokosewa. Njoo tu.

Na kuna jambo moja, usiwaambie wenye ramani. Nilipomaliza kuchapisha za kwako, niliuondoa ule mstari mwekundu, nikajenga nyingine, ya kwangu, nimeiacha humu ndani. Kwenye hiyo, mwaka ule ulinyesha siku thelathini na moja zaidi. Leo asubuhi nimeiwasha. Nimezisoma kwa sauti, moja moja, milimita na nukta zake, na kila niliyoisoma nimeimalizia na tisa.

Baba yako